Miezi 7 na kipima mwanga cha elfu 65: maoni yangu kwa wenzangu wa kipandauso

Ntaanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtu anauliza. Nilikinunua Kariakoo kwenye yale maduka ya vifaa vya mafundi umeme, muuzaji alianzia 85,000 tukavutana weee mpaka akakubali 65,000 na betri juu. Kina sehemu mbili, moja unashika mkononi kama rimoti na ina kioo cha namba, alafu kuna waya umejikunja kama wa zile simu za mezani za zamani, mwisho wa waya kuna kidude cha duara chenye kikombe cheupe cha plastiki. Hicho kikombe ndo jicho lake, unakielekeza kwenye mwanga kinakusomea luksi, yaani namba ya mwanga unaofika pale kilipo, basi, hamna kingine kinachofanya. Kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaokagua kama mwanga wa darasa au wa kiwanda unatosha. Mi nilikinunua kwa sababu mwanga unaniumiza kichwa na nilishachoka kutoaminiwa.

Nina kipandauso tangu nipo kidato cha tatu. Habari ya kichwa kuuma watu wanaielewa, ya mwanga hawaielewi kabisa, ukiwaambia wanakujibu hata mimi jua linanikera. Sizungumzii jua. Nazungumzia taa za kawaida za ofisini, ikifika saa nane mchana nasikia kama mtu anasukuma kidole nyuma ya jicho la kushoto kwa ndani, machozi yanatoka, shingo inakaza, na siku ikiwa mbaya nakimbilia chooni kwa sababu ndo sehemu pekee ofisini ambayo naweza kuzima taa bila kumuomba mtu. Zahanati moja niliambiwa ni mawazo, nipunguze stresi. Kazini msimamizi wangu alisema mbele ya wenzangu kwamba nadeka, na hilo neno lilinikaa moyoni muda mrefu sana kuliko hata maumivu yenyewe. Homa ina kipimajoto, presha ina mashine, sukari wanakutoboa kidole wanaona namba, mwenye maumivu ya mwanga anaonyesha nini?

Nilipokuja kupata daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu ambaye ana subira, swali lake la tatu tu likanikwamisha. Aliniuliza mwanga kiasi gani ndo unaanza kukuumiza? Nikamjibu dokta mwanga wa kawaida tu. Akaniuliza kawaida ya nani. Sikuwa na jibu kwakweli. Akanieleza kwamba hili sio langu peke yangu, kuumizwa na mwanga kumo kwenye vigezo vyenyewe vinavyotumika duniani kote kutambua kipandauso, na kunawapata pia watu waliogongwa kichwa kwenye ajali, ila kwenye kliniki nyingi kipimo ni mdomo wa mgonjwa tu, ama dodoso, kama lile la maswali 17 lililotengenezwa na madaktari wa Utah kule Marekani. Dodoso ni zuri lakini linauliza maisha yako yameathirika vipi, halisemi jicho lako linaishia wapi.

Nilivyorudi nyumbani nikasoma usiku kucha (kwa simu niliyoshusha mwanga mpaka mwisho). Kumbe kuna watu wanaupima huu ugonjwa kwa namba. Miami, kwenye taasisi ya macho ya Bascom Palmer, walitengeneza mashine ambayo unakaa mbele ya paneli la taa za LED, mwanga unapanda kidogo kidogo, ukianza kukera unabonyeza kitufe, mashine inashusha, inapandisha tena, inaenda ikirudi hivo hivo mpaka inakamata kiwango chako kwa luksi. Wengine wanabandika vinyaya kwenye ule msuli unaokunja jicho ili waone linajikunja lini, na wengine wanaangalia mboni inasinyaa kiasi gani na inachukua muda gani kufunguka tena baada ya kuangaziwa mwanga wa bluu. Zile za msuli na mboni ndo zinanivutia zaidi maana haziombi maoni yako, mwili unajisemea wenyewe. Ile ya kitufe bado ni wewe unayesema basi, lakini ukisema basi mara tano mfululizo sehemu ile ile, tena bila kuona namba, hapo mtu atasemaje kwamba unadeka?

Kwahiyo nikaamua kuiga ile ya kitufe. Hapa ndo kipima mwanga kilipoingia.

Kwanza nilijaribu bure, programu za simu. Sizipendekezi. Niliweka simu yangu na ya mdogo wangu mezani pembeni kwa pembeni chini ya taa moja, yangu ikasoma 210 ya kwake ikasoma 390. Kisensa cha simu kimewekwa ili kujua kioo king'ae kiasi gani, hakikuwekwa kupima chochote, na kuna simu nyingine programu haitumii hata hicho kisensa inakadiria kwa kamera. Kama unataka tu kujua chumba hiki kina mwanga kuliko kile sawa, ila usimpelekee daktari.

Alafu nikanunua swichi ya kupunguza mwanga, ile ya kuzungusha, hela yangu ikapotea, kwa sababu taa ikishushwa ilianza kumemeta na kumemeta kwenyewe kunaniumiza, nikawa sijui naumwa na mwanga au na kumemeta. Aliyetatua hilo ni mdogo wangu, anasoma ufundi. Aliniambia dada, usiguse taa, sogeza taa. Ukiisogeza taa karibu kwa nusu ya umbali, mwanga unaofika usoni unakuwa mara nne. Tukachukua taa ya LED ya wati 20, zile bapa za kufunga ukutani nje, tukaifunga kwenye kistuli, tukachora alama za chaki kwenye korido kwa tepu: mita 4, mita 2.8, mita 2, mita 1.4, mita 1, sentimita 70, sentimita 50. Kila alama mwanga ni kama mara mbili ya iliyotangulia. Nikiwa nimekaa mwisho wa korido, kikombe cha kipima mwanga kimebandikwa na plasta juu ya nyusi zangu kikiangalia mbele (hili ni muhimu sana, watu wanakilaza mezani wakati jicho haliko mezani), namba zilikuwa kama 40, 75, 140, 270, 540, 1,060 na 2,100. Zile za mbali zinazidi kidogo hesabu ya mdogo wangu kwa sababu kuta zetu ni nyeupe zinarudisha mwanga.

Tunavyofanya ni hivi. Usiku, madirisha yamefungwa, nakaa gizani dakika 10 kwanza. Yeye anaiweka taa kwenye alama, anawasha kwa kuhesabu mpaka tano, anazima, anaisogeza karibu alama moja. Mimi siongei mpaka pale inapoanza kukera, sisubiri iume, kukera tu, nasema basi. Anarudi nyuma alama mbili, anapanda tena. Mara tano. Anaandika kwenye kaunta buku, mi namba sizioni mpaka mwisho. Tunachukua ile ya katikati. Kuna siku ananichanganya makusudi, anarudia alama ile ile au anaanza mbali ili nisizoee mpangilio, na hapo namsifu maana bila hivo ningekuwa nahesabu hatua zake tu. Na kila usiku lazima apime kwanza, asiamini alama za jana, maana umeme wetu ukishuka hata taa inafifia.

Kinachonifurahisha na hii kitu ni kwamba majibu yalitulia kuliko nilivyotegemea. Siku za kawaida nasema basi alama ya tano, yaani kama luksi 540. Mdogo wangu hana kipandauso, anafika alama ya saba anakunja macho kidogo anasema endelea tu. Nikiwa kwenye shambulio lenyewe alama ya kwanza tu siivumilii, tulijaribu mara moja nikasema sirudii tena, na nawe usijaribu, mtu akiwa kwenye shambulio aachwe alale. Ila kitu ambacho sikukitegemea ni siku moja kabla. Kwa miezi hii 7 nimepata mashambulio 11, na katika hayo, 8 yalitanguliwa na usiku ambao nilishuka mpaka alama ya tatu au ya pili wakati kichwa hakiumi hata kidogo, najiona mzima kabisa. Kuna mara 5 nilishuka na hakikuja kitu, kwahiyo sio utabiri. Lakini kwa mtu ambaye miaka yote kichwa kilikuwa kinanivamia kama mwizi, kupata hata hiyo dalili ni jambo kubwa, naweka dawa kwenye pochi, nakunywa maji, sisubiri saa sita usiku ndo nilale.

Sasa nije kwenye jambo ambalo peke yake lilirudisha hela yangu. Miwani ya jua. Kabla ya haya yote nilikuwa navaa miwani nyeusi ndani ya nyumba, jikoni, ofisini, hata kanisani, na nilikuwa naona inanisaidia. Nilichukua kikombe cha kipima mwanga nikakifunika na kioo cha hiyo miwani chini ya taa ya sebuleni, 500 ikawa 75. Yaani nilikuwa naishi jioni masaa yote. Wiki ile ya kwanza ya kujipima, siku za kawaida kabisa zisizo na kichwa, nilikuwa nasema basi alama ya tatu, luksi 140. Dokta alivyoona daftari akaniambia macho yamezoea giza, na jicho lililozoea giza kila mwanga linauona mkubwa, vua miwani ndani, ibaki ya nje kwenye jua. Nilimbishia. Nikaona ananirudisha kwenye maumivu. Tukakubaliana nivue kidogo kidogo, wiki ya kwanza lisaa limoja asubuhi nyumbani, wiki ya pili masaa mawili, naendelea hivo, na kila Jumapili napima. Wiki ya pili hamna kitu, bado alama ya tatu, nililia. Wiki ya tatu nikafika alama ya nne. Wiki ya tano nikafika alama ya tano na mpaka leo nipo hapo siku za kawaida. Bila ile namba ningeacha wiki ya pili, na ningebaki na miwani yangu mpaka leo nikiamini inaniponya.

Kitu kingine kidogo, ukifumba jicho moja unavumilia zaidi. Mi nikifunika la kushoto napanda alama moja nzima. Nadhani wote tunalijua hili bila kujua, ndo maana mtu akitoka ndani kwenye jua la saa sita anafumba jicho moja. Kwahiyo kama unapima, chagua, macho mawili siku zote au moja siku zote, usichanganye.

Haya, ubaya wake. Hiki kifaa hakijui rangi, na rangi ni nusu ya tatizo. Nilichukua balbu mbili, moja ile nyeupe inayoelekea bluu, moja ya njano, nikazisogeza mpaka zote zinasoma 260 kwenye paji la uso. Namba moja, maumivu mawili tofauti, ile ya kibluu nasema basi mapema. Nimekuja kuelewa sababu. Kipima mwanga kimetengenezwa kiige jicho linavyoona mchana, linavyopenda zaidi kijani cha kuelekea njano, mawimbi ya nanomita 555. Ila ndani ya retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kuna seli nyingine kabisa zina kitu kinaitwa melanopsini, zenyewe zinaamshwa zaidi na bluu ya karibu nanomita 480, na habari zake zinafika mpaka kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu ya kipandauso. Watafiti wa Boston mwaka 2010 walitoa kitu kilichonishangaza sana: kuna vipofu wenye kipandauso, hawaoni sura wala umbo, lakini macho yao bado yanahisi mwanga, na mwanga unawaumiza kichwa vile vile. Wale ambao macho yameondolewa au mshipa wa fahamu wa jicho umekufa kabisa, mwanga hauwafanyi kitu. Mwaka 2016 hao hao wakapima rangi kwa watu walio kwenye shambulio, bluu, nyeupe, kaharabu na nyekundu zote zikazidisha maumivu, kijani ndo kikawa na nafuu. Sasa luksi 260 za kijani na luksi 260 za bluu kwenye kioo cha kifaa changu ni kitu kimoja. Hilo ni pungufu kubwa na lazima ulijue kabla hujatoa hela.

Pia hakioni kumemeta. Ofisini kwetu kulikuwa na tyubu za zamani zenye choki na stata (vile vifaa vya kuiwasha tyubu na kuiendesha), hizo zinamemeta mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu, jicho halioni ila ubongo unapata. Kipima mwanga kilisoma pale mezani kwangu 480 imetulia tuli kama hakuna tatizo. Kilichonionyesha ni simu, ukirekodi video ya mwendo wa polepole utaona mistari inapita kwenye picha. Uingereza mwaka 1989 walibadilisha tyubu za ofisi wakaweka zenye choki za kielektroniki na maumivu ya kichwa kwa wafanyakazi yakapungua kama nusu. Kwahiyo ukinunua kifaa hiki ujue unahitaji na simu yako pia.

Ila hiyo 480 ilifanya kazi yake. Daftari langu linasema nakereka kuanzia 540 siku nzuri na 140 siku mbaya, meza yangu inanipa 480 siku zote, na ikifika saa tisa jua linaingia dirisha la mkono wa kulia kipima mwanga kikiwa usoni kinasoma 3,000 na zaidi. Nilienda na hilo daftari kwa msimamizi wangu, sikueleza maumivu kabisa, nilimwekea namba za meza na zangu, nikamwashia kifaa akashika mwenyewe akakaa kwenye kiti changu saa tisa. Alikaa kimya kidogo akasema kumbe. Wiki ile ile nikahamishiwa upande wa ukutani ambako nasoma 190, na tyubu ya juu yangu fundi akaitoa. Sijawa mzima, ila safari za chooni zimeisha.

Tahadhari kabla sijasahau. Kama mwanga umeanza kukuumiza ghafla na una homa na shingo haikunjiki, acha kusoma hapa nenda hospitali sasa hivi, hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Na kama una kifafa, usifanye hili jaribio la kuwasha na kuzima taa nyumbani. Kifafa kinachoamshwa na mwanga unaomemeta ni jambo jingine, mgonjwa anaweza asiumie chochote ila anadondoka, mnakumbuka Japani tarehe 16 Desemba 1997 watoto zaidi ya 600 walikimbizwa hospitali kwa ajili ya katuni moja tu ya Pokémon iliyomulikamulika. Hicho kina kipimo chake na hapa nchini kipo, EEG, yaani kupima umeme wa ubongo, mtoto wa dada yangu alifanyiwa, wanamvalisha nyaya kichwani wanawasha taa ya kumemeta mbele yake kwa kasi tofauti huku mtaalamu amekaa pale pale, na ubongo ukishtuka inaonekana kwenye mchoro. Huyo mtoto hakusema neno, mchoro ulisema. Natamani sana siku moja na sisi wa kipandauso tuwe na kitu kama hicho kwenye hospitali za rufaa, hata kile cha mboni tu.

Kuhusu kifaa chenyewe kama bidhaa. Kina rengi tatu, yaani mwisho wa luksi kinazoweza kusoma, 2,000, 20,000 na 200,000, unabadilisha kwa swichi. Namba ikizidi rengi kioo kinaandika 1 peke yake upande wa kushoto, nilikaa siku mbili nadhani uwanjani kwetu saa sita mchana kuna luksi 1, kumbe nikipandisha rengi ni 96,000. Chini ya luksi 5 namba inarukaruka, usiitegemee. Kifuniko cha kikombe kimelegea baada ya mwezi mmoja nakifunga na rababendi, na kikombe kikiingia vumbi kinasoma chini, futa na kitambaa kikavu. Betri ni ile ya pembe nne ya volti 9, mi nimebadilisha mara moja. Waya ndo unanipa wasiwasi, pale unapoingia kwenye rimoti umeanza kupasuka ganda. Muuzaji hatoi gwaranti ya zaidi ya kukijaribu pale pale dukani, kwahiyo kijaribu: kifunike kikombe kabisa kisome sifuri, alafu kitoe nje kisome namba kubwa, ukiona kinaganda au sifuri haiji omba kingine.

Mimi nakipa nyota 4 kati ya 5. Ile nyota moja nimeitoa kwa ajili ya rangi. Mwenye swali la namna ya kuchora alama kama korido yako ni fupi aniandikie hapa chini, mdogo wangu ana hesabu ya mita 3 pia, na jana usiku tumepima, alama ya tano.